Koli Yenye Jina: Barua ya Wazi kwa Kamanda wa Mkoa wa Kijeshi wa 31

Kisangani, komini ya Mangobo

Mheshimiwa Jenerali,

Nakuandikia wewe kamanda wa mkoa wa kijeshi wa 31. Nakala naipeleka kwa Mheshimiwa Gavana wa jimbo la Tshopo, kwa maofisa wa SECAS wanaoshughulikia elimu ya uraia na maisha ya askari, kwa mapadri, wachungaji na maimamu wa jeshi, na kwa wamama wa kambi Ketele. Naiandika wazi kwa sababu jambo lenyewe likifanywa kwa siri litaharibika. Naomba mji wa Kisangani upewe njia ya kupeleka koli, yaani vifurushi, na barua kwa askari walio mstari wa mbele, kila koli na jina la mtu wake, kila barua na mkono utakaoipokea.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, ni askari wa FARDC, jeshi la taifa. Alijiandikisha mwanzoni mwa mwaka 2025, katika wiki zile ambazo vijana wengi walijitokeza baada ya Goma kuanguka tarehe 27 Januari na Bukavu katikati ya Februari. Waasi wa M23 walipoingia Walikale tarehe 19 Machi, mji huu ulitikisika. Watu walianza kuhesabu kilomita zilizobaki kwenye barabara ya taifa namba 3, Walikale hadi Lubutu, Lubutu hadi hapa kwetu. Vijana wetu ndio waliopelekwa kusimama kwenye barabara hiyo. Mahali alipo mdogo wangu leo sijui, na ningepajua nisingepaandika. Wala si lazima nipajue ili koli imfikie. Nitaeleza kwa nini.

Wewe unajua mambo yanavyokwenda sasa, lakini wengi watakaosoma barua hii hawajui. Mke wa askari akitaka kumpelekea mumewe chumvi, anaanza kwa kuulizia nani anakwenda Lubutu. Anapata dereva wa lori, au kijana wa pikipiki anayebeba bidhaa za mfanyabiashara. Anamkabidhi mfuko: samaki wa kukausha kutoka kwa Wagenia, karanga zilizokaangwa, sabuni, pilipili ya kusaga, soksi, na karatasi iliyokunjwa. Anamlipa. Mfuko unapita bariere moja baada ya nyingine, na kwenye kila bariere yupo anayetaka kujua ndani mna nini. Ukifika Lubutu unalazwa kwa muuza duka asiyemfahamu mume wala mke. Hapo unangoja askari anayerudi kikosini, au mama mwingine anayemfuata mumewe huko huko msituni. Siku ukifika kwa mwenyewe, sabuni imebaki kipande na karatasi imelowa mafuta ya samaki. Mara nyingi haufiki kabisa, na hakuna wa kuulizwa, kwa kuwa hakuna hata mmoja njiani aliyeupokea kwa jina lake na kutia sahihi.

Pesa nazo zina njia yao. Tunazituma kwa Airtel Money au M-Pesa kwenye simu ya mfanyabiashara aliye karibu na penye mtandao, naye anakata chake kabla ya kumkabidhi askari. Katika msitu kati ya Lubutu na Walikale simu inaweza kukaa bubu siku nyingi. Tena makamanda wanakataza simu penye hatari, na wana haki, kwani simu iliyowashwa huweza kumwonyesha adui mahali watu walipolala. Siombi simu ziruhusiwe. Naomba karatasi.

Wazee wa mji huu wanakumbuka foni. Miaka ya vita, kuanzia 1998 hadi 2003, Kisangani ilipokuwa imetengwa na Kinshasa, familia zilipanga foleni parokiani au kwa mfanyabiashara mwenye redio ya mawasiliano, na mtu akapaza sauti kutoa habari za msiba wake mbele ya foleni nzima. Siri haikuwepo. Hata hivyo watu walitoka Lubunga, wakavuka mto kwa pirogi, kwa ajili ya dakika chache za kusikia kwamba kaka yuko hai. Asiyewahi kungoja habari kwa namna hiyo anaweza kudhani barua ni anasa, kitu cha kufikiriwa baada ya risasi na mchele. Majeshi yaliyopigana muda mrefu yalijifunza kinyume chake.

Babu zetu wa Force Publique walikwenda mbali kuliko watoto wetu. Mwaka 1941 walipita Sudani wakaingia Abisinia, wakachukua Asosa na Gambela, na tarehe 3 Julai Jenerali Gazzera wa Italia akajisalimisha kwao huko Saïo. Baadaye hospitali ya vita ya Wakongo ilifika hadi Burma. Mwaka 1944, katika bonde la Kabaw, wauguzi waliotoka nchi hii walihudumia majeruhi wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa King's African Rifles (KAR) wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa. Vijana hao waliandikiana na nyumbani. Asiyejua kuandika alimtafuta mwenzake aliyejua, akakaa naye, akamwambia la kumwandikia mama. Barua zilipita mikononi mwa wakaguzi wa jeshi waliofuta kila lisilotakiwa, kisha zikavuka bahari. Jeshi la wakoloni liliwanyima watu wale haki nyingi, mshahara sawa ukiwa mojawapo, lakini lilijua kwamba mtu asiyepata habari za nyumbani mwaka mzima hapigani vizuri, na likaziachia barua njia.

Katika vita ya kwanza ya dunia Waingereza walijenga banda kubwa la mbao katika bustani ya Regent's Park, London, na kabla ya vita kwisha lilikuwa limepitisha barua bilioni 2 na koli milioni 114. Siyataji mahesabu hayo ili tujipime nayo. Wao walikuwa na reli na meli, sisi tuna barabara ya Lubutu. Nataka tuangalie jinsi walivyoandika anwani. Mama aliandika jina la mwanawe, namba yake ya jeshi, cheo na kikosi. Mahali hapakuandikwa kamwe, na mama mwenyewe hakupajua. Ni posta ya jeshi peke yake iliyojua kikosi kiko wapi wiki ile, nayo haikumwambia mtu. Kila askari wetu ana matrikule, yaani namba ya jeshi, na kila matrikule iko kwenye daftari la kikosi fulani. Kwa hiyo ninaposema koli imfikie mdogo wangu bila mimi kujua alipo, nasema jambo lililokwisha kufanyika miaka zaidi ya mia moja iliyopita, kwa kalamu na madaftari tu.

Yako mambo mengine ya kujifunza kwao. Krismasi ya mwaka 1914 binti wa mfalme wao, Princess Mary, alichangisha fedha ili kila askari apate kisanduku cha shaba chenye tumbaku. Asiyevuta alipewa peremende na penseli. Askari waliotoka India walipewa viungo na sukari. Aliyepanga zawadi ile alikaa akafikiri juu ya mtu atakayeifungua. Sisi nasi tuna wetu wa kuwafikiria. Mkimbangu hali nguruwe wala nyani. Mwislamu atauliza nyama imechinjwa na nani. Mtoto wa Kisangani angetamani lituma, ila lituma haivumilii safari. Kwanga huvumilia siku kadhaa, na karanga, mbinzo waliokaushwa vizuri, chumvi na sukari huvumilia kuliko vyote. Kuna vitu ambavyo hakuna mgao wowote unaovikumbuka: sindano na uzi, wembe, betri za tochi, ndara za plastiki za kuvaa buti zinapoanikwa, kitambaa cha kuchujia maji. Mama anayejua kwamba mwanawe hutokwa na vipele miguuni atamtumia sabuni fulani, na hakuna bohari duniani inayoweza kulijua hilo badala yake.

Hapa nifike kwenye jambo linaloniuma. Mchango umeshafanyika katika mji huu. Katika kartie yetu watu walipita nyumba kwa nyumba, na sisi tukatoa: mchele, mafuta, sabuni, fedha kidogo kutoka kwa watu wasio na fedha. Vitu vilipangwa juu ya meza, hotuba zikatolewa, picha zikapigwa, lori likaondoka. Baadaye, kupitia mtu aliyerudi, niliwauliza vijana wetu walio mbele kama kuna kilichofika. Hawakujua hata kwamba tulichangia. Sitamtaja aliyekusanya, kwa sababu sijui vitu vilipotelea mkono upi, na nisingependa kumsingizia mtu. Ninachojua ni kwamba gunia la mchele halina jina. Likipungua, hakuna askari anayeweza kusema limepungua langu. Koli yenye jina na matrikule ina mwenyewe anayeingoja, na nyumbani ina mtu mwenye daftari anayengoja jibu.

Jeshi letu lenyewe lilishapata somo hili, na kwa gharama kubwa. Zamani mishahara ya askari ilipitia kwa makamanda wao, na kila mkono uliipunguza kabla haijamfikia askari wa mwisho. Kuanzia mwaka 2005, kwa msaada wa ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioitwa EUSEC, njia ya malipo ilianza kutenganishwa na njia ya amri. Askari walihesabiwa mmoja mmoja, wakachukuliwa alama za vidole, na majina hewa yakaanza kuonekana. Baadaye mishahara ikaanza kupitia benki. Hayakwisha matatizo yote, lakini hakuna askari anayetaka kurudi kule nyuma. Ninachoomba ni kanuni hiyo hiyo kwa koli: anayetoa amri asiwe ndiye anayegawa.

Kwa hiyo, Jenerali, ombi langu liko hivi. Tupewe chumba kimoja, Ketele au mahali pengine utakapoona panafaa, kikifunguliwa siku moja ya juma, siku isiyobadilika. Wapokeaji wawe watatu wakikaa pamoja: mtu wa SECAS, mhudumu wa dini wa jeshi, na mke wa askari wa cheo cha chini aliyechaguliwa na wamama wenzake. Nasisitiza cheo cha chini. Mke wa kanali ana njia zake, na sina neno naye. Lakini mke wa kapurali ndiye anayejua mfuko hupotelea wapi. Koli ifunguliwe mbele ya aliyeileta, ikaguliwe, ipimwe isizidi uzito mtakaoupanga, ifungwe tena na kushonwa. Pombe isipite, lotoko wala bangi isipite, wala dawa isiyo na maandishi. Karatasi ya orodha iwe na nakala tatu: moja ibaki chumbani, moja isafiri ndani ya koli, na moja irudi na sahihi ya askari au alama ya kidole chake. Hiyo ya kurudi ndiyo itakayoamua kama kazi hii inaishi au inakufa. Wamama watavumilia kuchelewa kwa muda mrefu sana iwapo karatasi itarudi.

Usafiri wenyewe hautawagharimu sana. Malori ya jeshi yanakwenda huko tayari. Tunaomba nafasi ya magunia machache kwenye lori linalokwenda, na mhudumu wa dini mmoja aandamane na mzigo hadi kwenye kikosi. Mji utabeba mengine. Parokia zina vyumba, misikiti ina watu waaminifu, wanafunzi wangu wanajua kushona magunia na kuandika orodha kwa mkono unaosomeka.

Na barua? Barua ziachwe wazi, zisomwe chumbani kabla ya kuondoka. Najua baadhi ya wenzangu watachukia kusomewa mambo ya nyumba yao. Lakini mfano upo na watu wa mashariki wanaujua: ujumbe wa Msalaba Mwekundu, ile karatasi isiyofungwa inayobeba habari za familia tu, inayosomwa na wakubwa wa pande zote na kisha kupelekwa na wanaojitolea, kwa miguu ikibidi. Imewaunganisha watoto na wazazi katika vita vyetu vyote. Sharti lake ni rahisi. Habari za familia zinapita. Majina ya vijiji vya vita, idadi ya watu, silaha na siasa havipiti. Barua zetu zifuate sharti hilo. Tena ziandikwe kwa lugha anayoisikia mtu, Kiswahili, Lingala, Kilokele, Kitopoke, na asiyejua kuandika aandikiwe pale pale bila kuchekwa.

Ninawafundisha wanafunzi kuandika barua za namna hii, na nimeona wanavyopenda kuanza kwa maneno makubwa, shujaa wa taifa, damu, bendera. Ninawaambia wayaache. Mtu aliyelala kwenye tope anataka kujua umeme wa Tshopo umerudi au bado, timu ya Malekesa ilicheza vipi uwanja wa Lumumba, bei ya kwanga sokoni imefika ngapi, mwembe wa nyuma ya nyumba umezaa, mtoto ameota jino. Anataka kuulizwa maswali ambayo ni yeye tu anayeweza kuyajibu: kile chombo cha baba ulikiweka wapi, tumpe mtoto jina gani. Swali la namna hiyo linamrudisha mtu mezani kwao. Basi nitaomba pia kila koli iwe na karatasi tupu na kalamu, ili jibu lipate pa kuandikwa.

Sasa niseme juu ya askari asiye na wa kumwandikia, kwa sababu huko ndiko moyo wangu unakokwenda zaidi. Kisangani ina vijana waliotoka Goma, Bukavu, Rutshuru na Masisi, walioacha wake na wazazi upande wa pili wa mstari wa mbele. Goma benki zilifungwa mwisho wa Januari 2025, uwanja wa ndege pia. Familia ya askari huko hujificha. Haiwezi kuandika wala kuandikiwa, kwa sababu karatasi yenye namba ya jeshi ikikutwa ndani ya nyumba inaweza kuwaletea kifo. Naomba na nasisitiza: chumba chetu kisijaribu kupeleka kitu chochote kwa familia hizo, na majina yao yasiandikwe kwenye daftari lolote. Hilo waachiwe Msalaba Mwekundu, wenye njia na uzoefu.

Lakini kijana mwenyewe yuko upande huu, na tunaweza kumfikia. Ufaransa ilikutana na shida hiyo hiyo. Mwaka 1914 Wajerumani walikalia majimbo ya kaskazini, na maelfu ya askari wa Ufaransa waliotoka huko walikatwa na nyumba zao. Januari 1915 kilianzishwa chama kilichoitwa Famille du soldat, na wanawake wakajitolea kuwa mama wa ubatizo wa vita kwa askari wasiowajua, kila mmoja na askari wake, wakiwaandikia na kuwatumia vifurushi. Wakuu wa jeshi waliogopa majasusi, wakubwa wa maadili wakaogopa mambo mengine, na hofu zao hazikuwa za bure. Dawa yake ni huo usimamizi niliouomba. Sisi Wakongo hatuhitaji kufundishwa kumchukua mtoto wa mtu. Katika kila nyumba ya Mangobo yupo anayelelewa ambaye hakuzaliwa humo. Tupeni orodha ya matrikule za vijana wasio na familia huku, bila mahali, bila historia, jina la kwanza tu na lugha anayoisoma. Nyumba zitapatikana. Yetu iandikwe ya kwanza.

Najua wako watakaosoma na kukunja uso. Kisangani haina sababu nyingi za kupenda bunduki. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji wetu, makombora zaidi ya 6,600 yakaanguka, na Umoja wa Mataifa ukahesabu raia zaidi ya 760 waliouawa. Baadaye wenye sare ya nchi yetu wenyewe nao wametusimamisha barabarani na kutunyang'anya. Wako wauza soko wanaouliza kwa nini wampe karanga mtu aliyewahi kuwachukulia kuku. Swali ni halali na sitalikwepa. Siamini kwamba barua hubadilisha mtu mwovu. Naamini kwamba askari anayeandikiwa na familia fulani ya Kisangani, inayolijua jina lake na kumuuliza habari zake, ana watu wa kuwaonea haya. Askari asiyejulikana na raia yeyote hana. Anaweza kufanya lolote katika kijiji cha watu asiowajua, na habari zisimfikie mtu anayemheshimu. Mimi dada namwandikia mdogo wangu pamoja na salamu: usichukue cha mtu. Dada wengine nao wataandika hivyo, nina hakika, na maneno hayo yana uzito kwa sababu yanatoka nyumbani, yakiwa yamefungwa pamoja na samaki.

Wapo pia wanaosema kwamba chakula cha askari ni deni la Serikali, na raia akianza kukilipa, Serikali italisahau. Nakubaliana nao. Machi 2025 Rais alitangaza kwamba mishahara ya askari na polisi iongezwe mara mbili. Hilo lifuatiliwe hadi kwa askari wa mwisho, na mgao ufike wote. Koli zetu zisihesabiwe kamwe kama sehemu ya mgao. Kamanda atakayesema leo hatugawi chumvi kwa sababu mama zenu wameleta, huyo ataua jambo hili kwa siku moja, na naomba aadhibiwe.

Jenerali, Mkataba wa tatu wa Geneva wa mwaka 1949 unampa mfungwa wa vita haki ya kutuma barua zisizopungua mbili na kadi nne kila mwezi, pamoja na haki ya kupokea vifurushi. Kongo imeukubali mkataba huo. Maana yake ni kwamba adui tunayemkamata kama mfungwa wa vita, akiwa mikononi mwetu, ana haki ya barua iliyoandikwa kwa sheria, na kijana wetu aliye kwenye handaki upande wetu hana hata sanduku la kutumbukiza karatasi. Sidhani kuna aliyekusudia iwe hivyo. Imekuwa hivyo kwa sababu posta ya nchi ilikufa taratibu, simu zikaja, na sote tukadhani simu inatosha.

Limebaki moja, nalo ni gumu kuliko yote. Baadhi ya koli zitafika, mwenyewe asiwepo. Leo familia nyingi hupata habari ya kifo kwa uvumi, kwa mtu aliyekutana na mtu, miezi imepita, na mama anaendelea kukausha samaki. Chumba chenye daftari kitalijua hilo mapema, na kwa hiyo kitakuwa na wajibu mzito. Naomba iwekwe amri kwamba hakuna koli itakayorudishwa kwa mkono wa dereva, wala mama hataitwa kaunta kuambiwa mbele ya foleni. Mhudumu wa dini na mama mmoja wa Ketele waende nyumbani kwanza, wakae, waseme. Vitu vikae chumbani hadi familia yenyewe itakapoamua vipewe nani. Na barua yoyote aliyokuwa ameanza kuiandika marehemu, hata mistari miwili, iletwe. Mkiniambia kwamba kazi yote niliyoieleza haiwezekani isipokuwa hii moja, nitaipokea hii moja na kushukuru.

Mwezi wa 9 mvua huzidi, na barabara ya Lubutu baada ya hapo unaijua. Wamama wa parokia yetu wamekubali kuanza kukausha samaki na kushona mifuko bila kungoja jibu, kwa fedha zao. Tuambie siku, tuambie mlango, tuambie uzito. Majina na matrikule tunazo.

Kwa heshima,

Mwalimu na dada wa askari,
komini ya Mangobo, Kisangani